Altezza ya Barabara ya Bagamoyo

Gari la michezo ambalo vijana wa Dar es Salaam na Pwani wamelifanya lao ni Toyota Altezza. Iliingia sokoni Japani mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo, ikauzwa ng'ambo kwa jina la Lexus IS, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2005. Kwetu imekuja kwa meli, mtumba kama magari yetu mengi, ikalipiwa ushuru wa uchakavu na kuanza ujana upya. Ukikaa Bunju au Mapinga siku ya Jumamosi utaisikia kabla hujaiona. Ikitokea, utaona juu yake mambo kadhaa ambayo Toyota haikuyaweka: spoila, rimu, stika, taa za buluu chini ya mlango. Watu huyajadili mapambo haya kwa bei tu. Yanastahili kusomwa kwa jicho la fani.

Kwanza gari lenyewe, kabla ya nyongeza. Lina urefu wa mita 4.4, na toleo la RS200 lina uzito wa kilo 1,300 na ushei. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya mbele yamesogezwa karibu na bampa, mstari wa chini ya vioo unapanda kuelekea nyuma, na buti limekatwa fupi, hivyo hata likiegeshwa linaonekana liko mbioni. Ndani, vijisaa vimepangwa ndani ya saa kubwa ya dashibodi kwa mtindo wa saa ya mkononi. Lakini sehemu iliyolipatia sifa ni taa za nyuma: kifuniko kisicho na rangi, na chini yake miduara myekundu. Zilipendwa hata viwanda vya vipuri vikazinakili, na huko Marekani zikabandikwa kwenye magari ya kila aina, zikiitwa taa za Altezza. Kwenye Altezza taa hizo zinafuata mkunjo wa bodi. Kwenye magari mengine ni kitu cha kuazima.

Kipimo cha pambo hatuna haja ya kukiagiza. Kipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kwenye milango ya nakshi. Ukuta umeachwa mtupu, chokaa na mawe ya matumbawe. Nakshi imewekwa kwenye miimo, kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa. Mfaa ni ule mti wa katikati, na kazi yake ni kuziba mwanya wa mbao mbili mlango unapofungwa. Fundi amelipamba lile linalofanya kazi, akaacha mengine yapumzike.

Kwa kipimo hicho, spoila ndefu inaanguka mara moja. Kazi ya spoila ni kuukabili upepo kwenye mwendo mkubwa. Kati ya Tegeta na Bagamoyo kuna matuta, rasta, malori ya mchanga, vibao vya 50 na askari wenye tochi za kupimia mwendo. Upepo wa kufanyia kazi utoke wapi? Altezza moja nyeupe niliyoikuta Dunda ilikuwa na spoila iliyofungwa kwa bolti nne juu ya buti. Kila bolti ilitoboa rangi, na chini ya kila tundu palikuwa na mchirizi wa kutu, kahawia, urefu wa kidole. Hewa ya chumvi haihitaji nafasi zaidi ya hiyo.

Kukata springi ni kosa zito zaidi, kwa sababu linabadilisha gari zima. Springi iliyopunguzwa mizunguko inakuwa ngumu, tena fupi, na shokapu inalazimika kufanya kazi ikiwa imekaribia mwisho wake. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa. Likifika kwenye tuta la Kerege dereva analipitisha kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na bado bampa inakwaruza. Gari lililobuniwa kukata kona sasa linaogopa tuta ambalo bajaji inalivuka bila wasiwasi.

Rimu nazo. Za kiwandani kwenye RS200 zinafika inchi 17, na tairi 215/45. Anayepandisha hadi 19 kwa kawaida anaongeza uzito mahali pabaya kuliko pote, chini ya springi, kisha anapunguza mpira unaozuia rimu isipinde kwenye shimo. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus ya Uingereza, alijipatia jina kwa kuondoa uzito kabla ya kutafuta nguvu. Hapa tunalipa ili tuongezewe uzito.

Ekzosi naitetea kwa nusu. Injini ya 3S-GE, silinda nne, lita mbili, ambayo Yamaha ilishiriki kuitengeneza, inatoa nguvu za farasi 210 ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Injini ya namna hiyo ina haki ya kuimba ikifika juu. Ila wengi wanakata sailensa kwa fundi wa kuchomelea, na matokeo yake ni kelele kwenye mzunguko wa chini, kwenye foleni ya Tegeta, ambapo gari halifanyi lolote. Sauti inatangaza mbio zisizokuwepo. Fani na maudhui vimeachana. (Stika za kampuni za mbio za Japani nazipita kimya, angalau zinabanduka.)

Nyongeza bora kwa Altezza hazipigwi picha: tairi nne mpya za aina moja, padi nzuri za breki na mafuta yake kubadilishwa, shokapu mpya za urefu wa kiwandani, bushi zisizolegea. Ukiwa na akiba ya pambo moja tu, tafuta taa halisi za nyuma zisizo na ufa, uzisafishe, na spoila uiache dukani.