Elimu ya Nje ya Darasa Masasi na Newala: Mlango wa Nani?

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliyaweka chini ya paa moja mambo mawili ambayo baadaye tulizoea kuyatenganisha. Utamaduni tuliwaachia wacheza ngoma na wachonga vinyago. Vijana tukawapeleka darasani. Na sayansi tukaiona kuwa mgeni aliyeletwa na meli. Katika insha hii tunakusudia kulihakiki andiko moja linaloukataa utengano huo, yaani Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, na kulipima kwa mizani ya Masasi na Newala. Tunalipima kwa heshima, lakini heshima haimzuii mhakiki kuonyesha palipopelea.

Sehemu tunayoilenga ni ile ya mwanzo, ambamo Mwalimu anaeleza kwamba Afrika ya kabla ya ukoloni haikuwa na majengo ya shule, na bado watoto wake walielimishwa. Walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda, nyumbani na shambani, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake. Hoja hii ilikuwa ya kimapinduzi. Iliivunja kasumba ya kwamba maarifa huanzia ubaoni. Tukiipeleka juu ya uwanda wa Makonde, tunaikuta kweli yake imeandikwa ardhini.

Tuanze na maji. Juu ya uwanda ule hakuna mto. Mvua hunyesha, ikazama katika mchanga, ikatokea tena chini kabisa mabondeni. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa katika miaka ya 1950, kuyapandisha maji kwa pampu, wanawake na wasichana waliteremka kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Hata leo wako wanaovuna mvua kwenye mapaa ya bati na kuihifadhi katika mashimo yaliyosakafiwa. Mtoto aliyelelewa hapo anafahamu mteremko, ujazo na uvujaji kabla hajayasikia maneno hayo kwa mwalimu wa fizikia.

Tuje kwenye udongo. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alitazama namna wanawake walivyofinyanga vyungu bila gurudumu. Kazi hiyo ni ya hesabu na majaribio. Mfinyanzi huchagua udongo, huuponda na kuukanda, huunyanyua ukuta wa chungu kwa unene ulio sawa, hukianika polepole ili kisipasuke, kisha hukichoma katika moto wa wazi. Asiyejua tabia ya unyevu na joto hatapika katika chungu chake. Vivyo hivyo mchongaji wa mpingo. Yeye anashughulika na gogo ambalo moyo wake mweusi ni mzito hata huzama majini. Anausoma mshipa wa mti kabla ya kuinua tezo, naye anajua kwamba pigo moja la haraka huharibu kazi ya wiki nzima. Sisi wahakiki tumeandika mengi kuhusu uzuri wa vinyago vya ujamaa na vya shetani. Juu ya ujuzi wa uzito, nguvu na mpasuko unaovisimamisha, tumeandika machache mno.

Mpaka hapa andiko la Mwalimu linasimama imara. Kasoro yake inaanzia pale linapozungumza juu ya mtoto kana kwamba watoto wote waliketi kwenye moto mmoja. Ni kweli kwamba kila mtu mzima alikuwa mwalimu. Lakini alikuwa mwalimu wa nani? Tezo ilipita kutoka kwa mjomba au baba kwenda kwa mvulana. Udongo ulipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Jando na unyago, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vyuo vikuu vya nchi hii ya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, viliwatenga vijana kwa jinsi na kuwakabidhi kila upande maarifa yake. Askofu Vincent Lucas wa Misheni ya Masasi, aliyejaribu kuliingiza jando katika Ukristo mwanzoni mwa karne iliyopita, alitambua kwamba hiyo ilikuwa shule yenye mtaala. Naye hakuiondoa milango yake. Tena mtoto asiyeona, au asiyeweza kutembea hadi kambini au bondeni, hatajwi katika sifa zetu za elimu ya jadi. Kwa hiyo anayesema tuirudie elimu ya wazee kama ilivyokuwa, anatutaka pia tuzirudie komeo zake.

Madhara ya jambo hili hayakubaki kijijini. Tutazame korosho. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanawake wa kusini waliyatawala kwa akili yao wenyewe: huzikaanga korosho hadi mafuta yashike moto, huuzima kwa mchanga au majivu, kisha huzibangua moja moja wakiinusuru punje isivunjike. Huo ni uhandisi wa jikoni. Katika miaka ya 1970 taifa lilijenga viwanda vya kubangulia, vikiwamo vya Masasi na Newala, kwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Mavuno yaliyofikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 yakaanguka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, kwa sababu ya bei duni, ugonjwa wa ubwiri unga na wakulima kuhamishwa mbali na mikorosho yao. Na viwanda vingi vikakaa kimya. Hatudai kwamba wabanguaji wa kijijini wangeviokoa. Tunachosema ni kwamba katika fikra zetu mashine iliitwa sayansi na kikaango kikaitwa mapishi, na binti aliyekijua kikaango hakudhaniwa kuwa mwanafunzi wa mashine.

Je, leo tumeifungua milango? Tangu mwaka 2012 yamekuwapo maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi, ambamo wanafunzi wa sekondari huleta uchunguzi wao wenyewe kuhusu matatizo ya jamii zao. Tunayasifu kwa moyo mweupe. Wasichana na wavulana husimama bega kwa bega mbele ya kazi zao, jambo ambalo jando halikulijua. Lakini mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umewekwa. Anayeingia lazima awe sekondari, mahali ambapo lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kijana aliyeachia darasa la saba, anayeunda gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu, hana meza pale. Binti aliyeacha shule kwa ujauzito, ambaye hadi Novemba 2021 hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, hakuwa nayo pia. Yule wa kwanza alifungiwa kwa mila. Hawa wamefungiwa kwa cheti.

Wako watakaotujibu kwamba kufungua milango ni kuvunja siri za wazee. Tunawaelewa, lakini tunadhani wanachanganya mambo. Siri za jando ni za jando. Udongo hauna siri hiyo. Unamtii kila mwenye mkono wenye subira. Kijana asiyeona huweza kuutambua unene wa ukuta wa chungu kwa vidole, pengine kuliko sisi wenye macho. Mpingo nao haumuulizi mtu jinsi yake.

Nini basi kifanyike? Vyombo tunavyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima wasio na nafasi ya shule ya juu, na kimojawapo kiko Masasi. Mfinyanzi aitwe humo kuwa mwalimu mwenye posho, si mtu wa kutumbuiza wageni. Na afundishe wavulana na wasichana pamoja. Mchongaji naye hali kadhalika. Katika viwanja vya Nane Nane vya Ngongo, Lindi, pawe na meza ya vijana wasio na sare ya shule, na wahojiwe kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde ikiwa ndiyo lugha wanayofikiria nayo. Na sisi waandishi wa utamaduni tuache kuuita ujuzi wa mwanamke mapishi na wa mwanamume sanaa, huku jina la sayansi tukiliwekea wageni.

Andiko la 1967 lilitufundisha kwamba elimu yetu haikuanzia darasani. Lilituachia swali ambalo halikuliuliza: nani alisimamishwa nje ya mlango? Binti wa Newala aliyepanda kilima na ndoo kichwani alikuwa akijifunza uzito, umbali na mwendo kila siku ya maisha yake. Siku pampu ilipofika, alipaswa kuwa wa kwanza kuonyeshwa jinsi inavyofunguliwa.