Sauti Isiyomwona Msikilizaji

Miongoni mwa sanaa za kusema ambazo wahakiki wetu hawajazitilia maanani ni usomaji wa maelezo katika mafunzo ya kazini yaliyorekodiwa: ile sauti ya mtu asiyeonekana, inayomfundisha karani kuandika barua, kupokea simu na kuzungumza na mteja. Wengi huiona kuwa kazi ya mitambo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ni kazi ya lugha, na kwa hiyo ni sehemu ya utamaduni wetu.

Nimepata kusikiliza mafunzo ya namna hiyo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni moja. Msomaji alikuwa na sauti nzuri na matamshi safi. Sehemu ya barua za kikazi ilimfaa msikilizaji: anwani, tarehe, kumbukumbu namba na kichwa cha habari vilitajwa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja msomaji alinyamaza kidogo ili neno litue.

Kasoro ilianza katika somo la kumpokea mteja. Karani aliagizwa ataje jina lake, kisha aulize, "Naweza kukusaidiaje?" Salamu haikutajwa kabisa. Kijana atakayemkabili mzee kwa maneno hayo, bila shikamoo, atakuwa ametii mafunzo na kumvunjia mzee heshima kwa wakati mmoja. Ni dhahiri kuwa maneno yale yalitungwa kwanza kwa Kiingereza. Aidha, tafsiri ya Kiswahili mara nyingi huwa na silabi nyingi zaidi, ilhali muda wa picha haukuongezwa. Matokeo yake msomaji alilazimika kukimbia, na somo lenyewe lilikuwa linahimiza utulivu!

Mtambaji wa hadithi hafanyi hivyo. Husema "Paukwa!" na hangoji bure, hadhira humjibu "Pakawa!" Sauti iliyorekodiwa haiwezi kujibiwa, lakini yaweza kuandaliwa kwa kumfikiria anayesikiliza. Mfano tunao. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio haikudai kumaliza kila jambo. Ilianzisha mazungumzo, na watu wenyewe wakayakamilisha.

Pengine atatokea wa kusema kuwa biashara haina nafasi ya salamu ndefu. Hoja hiyo haina uzito. Shikamoo na marahaba ni maneno mawili tu, na wahenga walikwisha kutuambia kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mfanyabiashara gani asiyelihitaji hilo?

Basi, walimu na wanafunzi wajaribu zoezi hili. Kila mmoja aandike maelezo ya nusu ukurasa, moja kwa moja kwa Kiswahili, juu ya namna ya kumpokea mgeni ofisini. Kisha amsomee mwenzake aliyefumba macho. Mwenzake akiona kuwa anazungumziwa yeye, kazi ni njema. Akiona kuwa anasomewa tu, na irudiwe kuandikwa. Kwa maana sauti isiyomwona msikilizaji haina budi kumjua.