Hukumu ya Mashabiki katika Ngoma za Wanawake

Katika nchi ya ufuko wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi upande wa kaskazini, kupita Liuli na Mbamba Bay, hata kuingia bara mpaka Liparamba karibu na mpaka wa Msumbiji, ziko ngoma mbili zijulikanazo kuliko nyingine. Moja ni mganda, ngoma ya wanaume. Ya pili ni kioda, ngoma ya wanawake, ambayo Wamatengo wa milimani huiita kihoda na watu wa ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, huiita chioda. Ngoma hizi hazichezwi na mtu mmoja mmoja kwa kujifurahisha. Huchezwa na vikundi, kila kikundi na sare yake, viongozi wake na nyimbo zake. Na kikundi cha kijiji kimoja hupambana na kikundi cha kijiji kingine mbele ya macho ya watu. Wachezaji wanapokwisha kupumzika, watazamaji ndio kwanza wanaanza kazi yao. Hubishana ni nani aliyeshinda, ni nani aliyeiga, na ule wimbo wa mwisho ulimlenga nani.

Mabishano hayo ndiyo maudhui ya makala haya. Wataalamu wa fasihi wamezoea kuyapita kama mtu apitavyo kelele za sokoni. Wimbo huandikwa, hufasiriwa, huhesabiwa mizani. Walakini maneno ya wale waliogombana kwa sababu ya wimbo huo hayaandikwi. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba desturi hiyo ni kosa la kihakiki. Katika ngoma na taarabu za wanawake za Afrika Mashariki, ugomvi wa mashabiki ni sehemu ya utungo, wala haukukaa nje yake.

Yafaa kuanza na ushahidi wa miji ya pwani, kwa kuwa huko ndiko habari zilikohifadhiwa zaidi. Mjini Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, wanawake walijiunga katika vyama vya lelemama. Margaret Strobel, aliyetoa kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka 1979, ameeleza upinzani uliokuwapo baina ya vyama viwili mashuhuri, Banu Saada na Ibinaal Watan. Vyama hivyo vilishindana kwa nyimbo, kwa mavazi, kwa karamu na kwa maandamano, na gharama zake zilikuwa kubwa. Mjini Zanzibar nako kulikuwa na vikundi vya taarabu vya wanawake, miongoni mwao Royal Navy na Nuru el-Uyuni, na kila kikundi kilikuwa na watu wake ambao hawakukubali kusikia sifa ya kile kingine.

Baada ya miaka mingi, upinzani wa namna hiyo ulionekana tena Dar es Salaam kwa sura mpya. Mwaka 1992, Tanzania iliporejea katika mfumo wa vyama vingi vya siasa, Chama cha Mapinduzi kilianzisha kikundi cha Tanzania One Theatre, maarufu kwa jina la TOT. Kiongozi wake, Kapteni John Komba, alikuwa mwana wa ufuko huu huu wa Nyasa, na alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hata alipofariki mwaka 2015. Kikundi hicho kilimpata Khadija Kopa kutoka Zanzibar, na mbele yake kikasimama kikundi cha Muungano kilichokuwa na Nasma Khamis, aliyeitwa kwa mapenzi Kidogo. Nyimbo za kupashana, ambazo watu waliziita mipasho, zikaugawa mji. Mtu aliulizwa yu upande gani kama aulizwavyo juu ya Simba na Yanga.

Juu ya mambo haya wamekwisha kusema watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye kuhubiri adabu. Hao husema kwamba mashindano ya wanawake ni fitina iliyotiwa vina: huvunja ujirani, humaliza fedha, na hufundisha ulimi ukali. Hapana haja ya kukana kwamba yako madhara. Nyumba zimeingia deni kwa ajili ya sare, na marafiki wameacha kuamkiana kwa sababu ya ubeti mmoja. Lakini hukumu hiyo ina upungufu mkubwa, nao ni kutokuwa na mizani moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi baina ya mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi makali katika ugomvi wa mji wake na Lamu, na huko Lamu Bwana Zahidi Mngumi alitunga kwa ajili ya watu wake. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa na kutolewa na Hichens mwaka 1940, na leo husomwa vyuoni kama hazina ya lugha. Hakuna mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba ule ulikuwa umbeya. Basi kwa nini neno lile lile, likitoka katika kinywa cha mwanamume mwenye kilemba, liitwe malumbano ya washairi, na likitoka katika kinywa cha mwanamke aliyejifunga kanga liitwe utovu wa haya? Mwenye kuhukumu hivyo hakuhukumu utungo. Amehukumu mavazi ya mtunzi.

Watu wa aina ya pili ni wanahistoria. Hao wameyaheshimu mashindano, na deni letu kwao ni kubwa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoenea tangu pwani hata bara, na jinsi mganda ulivyo wa ukoo huo huo wa ngoma za gwaride. Strobel naye alionyesha kwamba kutoka katika lelemama wanawake wa Mombasa walijifunza kuongoza, kukusanya fedha na hatimaye kudai haki zao. Haya yote ni kweli. Lakini msomaji wa fasihi akimaliza kuyasoma huona kwamba wimbo umekuwa dirisha tu la kutazamia jambo jingine. Amefundishwa kwa nini watu walishindana. Hakufundishwa waliamuaje kwamba wimbo huu ni bora kuliko ule.

Na kuamua waliamua, tena kwa vipimo. Itazamwe desturi ya kutunza katika taarabu. Mwimbaji anapofika katika ubeti fulani, mwanamke mmoja huinuka katika hadhira, huenda mbele kwa mwendo wa madaha, huinua noti juu ili ionekane, kisha humpa mwimbaji huku jicho lake likimtafuta mtu aliyeketi upande wa pili. Kwa tendo hilo amesema, bila kufungua kinywa, kwamba maneno hayo sasa ni yake. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002, ameeleza kwa urefu jinsi wanawake wa Tanga walivyoutumia utunzaji huo katika ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe. Mtunzi alitunga fumbo bila ya jina. Mwenye kutunza amelitia jina. Lakini jina hilo si la lazima. Anaweza kuinuka mwingine katika ubeti ule ule na kulielekeza kwingine, na mtu wa tatu akabaki na shaka kama ni yeye aliyekusudiwa. Kwa hiyo utungo mmoja hupata maana tatu katika usiku mmoja, na asubuhi watu hubishana ipi ilikuwa maana ya haki.

Mabishano hayo ni uhakiki. Mwenye kusema kwamba wimbo wa wapinzani ulikuwa matusi matupu amesema kwamba fumbo lisilofumba si fumbo. Mwenye kujibu kwamba wimbo wa upande wa kwanza ulifumbwa mno hata haukumfikia mtu, amesema kwamba fumbo lisilofumbuka ni kazi ya bure. Baina ya hukumu hizo mbili ndimo ilimo sanaa nzima ya mafumbo ya Kiswahili, na hakuna mwanazuoni aliyeieleza kwa ufupi kuliko wao. Hali kadhalika, shabiki anaposema kwamba kikundi fulani kimeiba lahani ya wenzake, huwa amezusha swali la asili na uigaji ambalo wahakiki hulijadili kwa kurasa nyingi. Tofauti ni kwamba yeye hana wakati wa kusitasita: akikosea, wa upande wa pili watamsahihisha papo hapo, tena kwa kicheko.

Hapa kioda ya nchi ya Nyasa ina la kutufundisha, kwa sababu yenyewe haitegemei noti ya mtu mmoja. Mchezaji wa kioda hachezi peke yake; hucheza kwa mstari na kwa sare, na hatua ya mmoja ikipotea kundi zima limepotea. Kwa hiyo hukumu ya watazamaji hugawanyika baina ya jicho na sikio. Wako watakaosifu miguu iliyokwenda pamoja na nguo zilizofuliwa vizuri. Na wako watakaosema kwamba miguu si neno, kilichokusudiwa ni ujumbe. Ubishi huo haumaliziki, wala haufai kumalizika, maana ndio ulinzi wa ngoma yenyewe. Laiti jicho lingeshinda kabisa, kioda ingebaki gwaride. Na laiti sikio lingeshinda kabisa, ingekuwa kwaya. Imebaki kioda kwa kuwa wapenzi wake hawajakubaliana.

Walakini si kila ugomvi wa mashabiki ni wa kusifiwa, na mhakiki asiyeweka mpaka huwa naye ni shabiki. Kuna mambo mawili yanayouharibu. La kwanza ni hukumu kuhama kutoka katika wimbo na kumwangukia mwimbaji: umri wake, ndoa zake, umbo lake. Hapo hakuna tena cha kupima, kwa kuwa ubeti mzuri na ubeti mbaya huwa sawa machoni pa mwenye chuki. Mipasho ya miaka ya 1990 iliingia mara nyingi katika shimo hilo, na wengi walioipenda wamekiri hivyo.

La pili ni ugomvi kupata mwenyewe. Katika Banu Saada na Ibinaal Watan, wanachama na mashabiki walikuwa karibu watu wale wale. Waliotoa fedha ndio walioimba, na hasara ilikuwa yao. Katika TOT na Muungano hali ilikuwa nyingine. Vikundi vilikuwa na viongozi wa kazi, mishahara na viingilio vya mlangoni, na nyuma ya kimoja kulikuwa na chama cha siasa chenye haja ya kukusanya watu. Shabiki alilipa ili akashindane, na kila alivyozidi kukasirika ndivyo ukumbi ulivyozidi kujaa. Wahenga walisema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Khadija Kopa na Nasma Khamis walikuwa waimbaji wa daraja la juu, na sifa yao haipunguzwi na jambo hili. Lakini haiwezekani kuyapima mabishano ya wapenzi wao bila kuuliza ni nani aliyeyahitaji.

Kioda haikuepukana na nguvu ya fedha, bali fedha yake ni ya namna nyingine. Stephen Hill, katika makala yaliyotoka mwaka 2000 ndani ya kitabu kiitwacho Mashindano!, kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz, aliandika juu ya ngoma za Umatengo na akayapa makala yake jina la Mchezo Umelala. Alizihusisha ngoma hizo na uchumi wa wenye kuzicheza. Jambo hilo halimshangazi ajuaye nchi ya Mbinga, ambako kahawa ndiyo iliyonunua bati, ada ya shule na sare. Sare haishonwi kwa maneno, wala mgeni hashibi kwa wimbo. Mashindano yakikosa cha kuyalisha, hulala. Na yakilala, hayalali peke yake. Hulala pamoja nayo ule ujuzi wa kusikia ambao watazamaji walikuwa wakipeana kwa kubishana.

Hasara hiyo haionekani upesi. Nyimbo zaweza kunaswa katika mashine, na zikanaswa zikahifadhiwa vyuoni. Lakini wimbo wa kioda ulionaswa bila ubishi wake ni sawa na barua ya kujibu ambayo barua ya kwanza imepotea. Mwanafunzi atauona ubeti ukitaja ndege, mtumbwi au chungu kilichopasuka, naye ataandika kwamba ni taswira ya mazingira. Bibi aliyekuwapo siku ile angemwambia kwamba chungu kile kilikuwa kijiji cha pili, na kwamba kijiji hicho kilijibu, na kwamba jibu lao lilikuwa hafifu ingawa wenyewe hawakukubali. Angeongeza, bila shaka, kwamba mwenzake aliyeketi karibu naye hasemi kweli.

Kwa hiyo inawapasa wanafunzi wa fasihi simulizi, hasa waendao Liparamba na vijiji vya jirani, wasitosheke na kuuliza wimbo unasemaje. Wawaulize walioshinda, kisha wawaulize walioshindwa, wala wasiharakishe kuwapatanisha. Waandike majibu yote mawili kwa uzito mmoja, kama waandikavyo maneno ya Muyaka na ya wapinzani wake. Mashairi ya wanaume waliogombana yamekwisha kupata wahariri. Nyimbo za wanawake waliogombana bado zinawangoja, na mashahidi wake wanazidi kuzeeka.