Maji Yenye Madini: Sifa au Onyo?

Katika tafsiri za sayansi ya maji, hakuna neno linalobebeshwa mzigo mkubwa kuliko neno madini. Tulilipokea kutoka Kiarabu, nalo hutumiwa kwa dhahabu, chumvi, chokaa na risasi bila kubagua. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Lakini tangazo likisema kwamba maji ya kisima fulani yana madini, mwananchi atalielewaje? Atakumbuka chupa za dukani zinazosifiwa kwa madini yake, naye atakunywa. Mwandishi alikusudia kuonya; msomaji amesikia sifa.

Neno lifaalo hapa ni metali. Hata hivyo, istilahi "metali nzito", ambayo imeenea, nayo ina kasoro. Inaelekeza fikira kwenye uzito, ilhali sumu haipimwi kwa uzito. Tena aseniki, ambayo huorodheshwa humo, si metali kamili. Naye mfasiri atakayefuata kamusi na kuandika "metali za alama" atakuwa ametafsiri nyayo badala ya uchache. Sisi twaona "metali haba" inafaa zaidi. Kiwango cha risasi au aseniki ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Uhaba huo usidharauliwe: haba na haba hujaza kibaba.

Kosa la pili limo katika kitenzi kuyeyuka. Barafu huyeyuka kwa joto. Chumvi humumunyika majini. Tofauti hii si ya urembo. Kwa desturi ya maabara, maji huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45. Metali inayopita huhesabiwa kuwa imemumunyika. Inayobaki ni ile iliyoshikamana na chembe. Hii ya pili hunata juu ya udongo wa mfinyanzi na oksidi za chuma, ikasafiri na mto hadi kutua katika mashapo. Tuseme hunata, tusiseme hufyonzwa, maana kilichonata juu huweza kubanduka. Oksijeni ikiisha, oksidi za chuma humumunyika na kuachia zilichobeba. Ndivyo aseniki ilivyoingia katika visima vingi vya Bangladesh, pasipo kiwanda chochote kuimwaga.

Zebaki nayo yadai uangalifu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hupaa na baadaye hurudi ardhini na majini. Bakteria wa matopeni huweza kuigeuza kuwa methilizebaki, ambayo hulimbikizana katika samaki. Aandikaye "zebaki" tu kwa hali zote hizo hamwonyi mla samaki. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, methilizebaki ya kiwanda iliwafikia watu kwa njia ya kitoweo.

Basi mtumishi wa umma anayetunga tangazo aitaje metali kwa jina lake, aeleze kama imemumunyika au imenata, na aseme itokako. Aongeze pia sentensi moja ambayo matangazo mengi huisahau: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Istilahi isiyomwezesha msomaji kuamua anywe au asinywe haijatimiza kazi yake, hata ikiwa sanifu.