Chumba Kilichopimwa kwa Mgongo

Dalali alifungua mlango, akawasha taa, akasema, "Dada, hapa wanaingia watu ishirini bila wasiwasi." Kilikuwa chumba cha ghorofa ya pili, Mwenge, juu ya maduka, chenye vigae vinavyong'aa na dirisha pana linalotazama barabara. Nilivua viatu, nikatandika mkeka katikati, nikalala chali.

Mimi na mwenzangu tulitafuta chumba cha kufundishia mazoezi ya Pilates Dar es Salaam kwa majuma sita, na karibu kila kosa tuliloliepuka tuliliona tukiwa tumelala hivyo. Mwanafunzi wa Pilates hutumia sehemu kubwa ya saa yake akiwa chini. Anachokiona ni dari, na sakafu anaijua kwa uti wa mgongo. Pale Mwenge taa ya mrija ilinipiga machoni moja kwa moja, na nilipojaribu kujiviringisha mgongoni kama mpira, kila pingili iligonga sementi iliyo chini ya vigae. Mkeka mnene ungesaidia, lakini kwenye vigae laini nao ungeteleza.

Hesabu ya ishirini ni ya mtu anayefikiria viti. Mkeka una upana wa sentimita 60 tu, lakini mtu aliyelala na kunyoosha mikono nyuma ya kichwa anachukua kama mita 2.3, na akiitandaza pembeni anahitaji kama mita 1.6 ili asimguse jirani. Chumba kilikuwa mita 7.2 kwa 5.4. Panga safu mbili za watu wanne wanne: zinabaki sentimita 80 kwenye urefu wa chumba na 80 kwenye upana wake. Basi, wanane. Akiongezeka wa tisa, mwalimu hana pa kupiga goti, na mimi siamini darasa ambalo mwalimu hawezi kumfikia mwanafunzi akamwekea mkono kwenye mbavu au nyonga.

Tulirudi saa kumi na mbili jioni, muda ambao wateja wetu wangekuwa wametoka kazini. Baa ya chini ilikuwa imeanza muziki. Besi haikupitia dirishani, ilipanda sakafuni mpaka mgongoni. Mwalimu wa Pilates huongoza kwa kuhesabu pumzi, kwa sauti ya kawaida, kwa hiyo chumba hicho tukakiacha.

Cha Kinondoni kilitutamanisha zaidi, kwa kuwa tulitaka siku moja kuweka rifoma, ile mashine yenye kigari kinachoteleza juu ya reli na kuvutwa na springi. Rifoma moja ina urefu wa takriban mita 2.4 na ni nzito. Kabla ya kupima chumba tulipima kona ya ngazi, tukaona mashine isingepinda pale bila kufunguliwa vipande. Juu kulikuwa na feni ya panga boi. Kigari kiko kama sentimita 35 kutoka sakafuni. Mtu wa sentimita 175 akisimama juu yake na kuinua mikono, vidole vinafika karibu mita 2.55. Mapanga ya feni yalikuwa mita 2.4.

Feni inaweza kuondolewa. Sakafu ndiyo iliyotushinda. Niliweka gololi karibu na ukuta wa ndani. Ikatulia kidogo, ikaanza kujivuta, ikaongeza mwendo, ikagonga kizingiti cha mlango. Nadhani pale palikuwa baraza, wakapaziba baadaye, na mteremko wa kutolea maji ya mvua ukabaki. Kwenye mteremko springi ama inasaidiwa ama inapingwa na uzito wa mwanafunzi mwenyewe, kwa hiyo mwalimu hajui tena ni mzigo gani amempa mtu mwenye goti bovu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Joseph Pilates mwenyewe, aliyebuni mazoezi haya. Mjerumani huyu alihamia Marekani mwaka 1926, na pamoja na mwenzi wake Clara akafungua studio New York, namba 939 Eighth Avenue, katika jengo lililokuwa pia na studio za dansi. Wacheza dansi walioumia hawakuwa na safari ndefu, na wakubwa wa fani hiyo kama George Balanchine na Martha Graham walikuja kuijua kazi yake. Sisi tulikuwa tukitafuta chumba kitupu, kisha wateja wakifuate. Tukageuza swali: watu wanaojali miili yao wanakutana wapi tayari?

Jibu lilikuwa ukumbi wa dansi ya watoto, Mikocheni, ulio wazi asubuhi. Mama mwenye ukumbi alitoza shilingi 25,000 kwa saa. Kinondoni mwenye nyumba alitaka laki tisa kwa mwezi, miezi sita mbele, tena "mkononi". Neno hilo lina gharama. Mpangaji wa biashara hukata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka mamlaka ya mapato, TRA. Mwenye nyumba akitaka laki tisa kamili mkononi, kodi halisi ya pango inakuwa milioni moja. Kwa miezi sita ni milioni sita, na laki tisa ya dalali juu yake, kabla hujamfundisha mtu. Ongeza umeme, mlinzi na usafi, tulivyokadiria laki moja na nusu, unafika 1,150,000 kwa mwezi. Gawa kwa 25,000: saa 46. Sisi tulikuwa na madarasa sita kwa wiki, yaani kama saa 26 kwa mwezi, 650,000.

Tukachukua ukumbi. Sakafu yake ni ya mbao, na gololi nilipoiweka ilikaa. Rifoma zinasubiri, tunafundisha kwa mikeka. Tulichobishania na Mama ni mambo mawili tu: kabati lenye kufuli, na robo saa isiyolipiwa kabla ya darasa la kwanza, ili tupige deki, kwa sababu watoto wa jana hucheza na viatu na sisi tunaweka mashavu pale pale. Kabati alikubali mara moja. Robo saa ilichukua wiki mbili, mpaka alipokuja asubuhi moja, akalala kwenye mkeka wa mwisho, akafuata darasa lote.