Ualimu wa Miaka Miwili: Uchambuzi wa Msimamo wa Teach For America

Katika madarasa yetu ya siasa swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Kwa nini tusiwachukue vijana waliomaliza vyuo vikuu, hata wale wasiosomea ualimu, tukawapeleka kwa miaka miwili kufundisha katika shule zenye shida pembezoni mwa miji yetu? Wanaouliza hutoa mfano wa Marekani, yaani shirika liitwalo Teach For America, na baadhi yao wamesoma kitabu cha mwanzilishi wake, Wendy Kopp, kilichotolewa mwaka 2001 kwa jina la One Day, All Children. Swali lao lina nia njema. Lakini fikra isiyochunguzwa ni ya hatari hata inapotoka katika moyo wa huruma. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuuchambua msimamo uliomo katika kitabu hicho, kwa faida ya makada na wanafunzi.

Mambo yalivyoanza

Mwaka 1989 Bibi Kopp alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huko Princeton, mojawapo ya vyuo vikuu vya watoto wa wenye nacho. Katika tasnifu yake alipendekeza kiundwe kikosi cha walimu cha taifa zima. Wahitimu hodari wangeingia katika kazi bila kupita chuo cha ualimu, wangefunzwa kwa majuma machache wakati wa likizo, kisha wangetumwa kwa miaka miwili katika shule za watoto maskini. Mwaka 1990 kundi la kwanza la vijana wapatao 500 lilipewa mafunzo Los Angeles, likatawanywa katika miji kama New York, New Orleans na Los Angeles yenyewe, na katika baadhi ya wilaya za mashamba za Kusini.

Tuangalie fedha zilitoka wapi. Dola 26,000 za kuanzia zilitolewa na Mobil, kampuni ya mafuta. Ofisi ya New York ilitolewa bure na Union Carbide, kampuni ambayo jina lake lilikuwa limevuma dunia nzima kwa maafa ya gesi ya sumu ya Bhopal, India, Desemba 1984. Tajiri wa Texas, Ross Perot, aliahidi dola 500,000 kwa sharti kwamba wengine nao wachange. Wenye mitaji hawa waliona nini katika mpango huu hata wakaufurahia upesi kiasi hicho? Jibu la swali hilo ndilo ufunguo wa uchambuzi wetu.

Kwanza tuseme haki. Vijana walioitika wito ule hawakuwa wanafiki. Waliacha mishahara minono wakaingia madarasa magumu, na wako waliobaki katika ualimu baada ya miaka miwili kwisha. Sisi wenyewe hatuna haki ya kuwadharau. Hapa Dar es Salaam, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Kwa hiyo hatujadili moyo wa kijana mmoja mmoja. Tunajadili msimamo unaomtuma.

Kosa la kwanza: kuficha mzizi

Msimamo huo unasema kwamba mtoto maskini hafanikiwi shuleni kwa sababu hajapata mwalimu mwenye kipaji na ari. Mleteeni kijana hodari, na pengo litaanza kuzibika. Hali halisi ya Marekani inaonyesha jambo jingine. Huko sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya nyumba na ardhi ya wilaya yenyewe. Penye majumba ya fahari shule hutajirika. Penye vibanda shule hufukarika.

Mfano ulio wazi ni wa mji wa San Antonio, Texas. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wilaya ya Edgewood, wakazi wake wengi wakiwa makabwela wenye asili ya Meksiko, ilijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Wilaya jirani ya matajiri, Alamo Heights, ilijitoza senti 85 tu. Edgewood ikakusanya dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights ikakusanya dola 333. Maskini walijikamua zaidi wakapata kidogo zaidi. Mzazi mmoja wa Edgewood, Demetrio Rodriguez, na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba tofauti hiyo haivunji katiba ya nchi.

Kijana wa miaka miwili atafanya nini mbele ya hukumu hiyo? Anaweza kufundisha hesabu vizuri, lakini hawezi kuugusa mfumo unaogawa fedha. Ndiyo sababu tajiri humpenda. Kuchangia safari yake ni rahisi sana kuliko kukubali kodi igawanywe sawa kwa watoto wote.

Serikali ya Marekani iliwahi kujaribu njia nyingine. Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965 iliunda kikosi cha umma kilichoitwa Teacher Corps, ambamo vijana walisomea ualimu chuoni huku wakifanya kazi katika shule na jumuiya za maskini. Kikosi hicho kilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa Rais Reagan. Dola ilipojitoa, kampuni ziliingia.

Kosa la pili: kumgeuza mwalimu mpita njia

Msimamo wa Bibi Kopp unadai pia kwamba hata kijana akiondoka baada ya miaka miwili hakuna hasara. Atakuwa mwanasheria, mbunge au mkurugenzi, na atawakumbuka watoto wale. Hapo darasa la mtoto maskini linafanywa chuo cha uongozi cha mtoto wa mwenye nacho. Mwalimu anapata uzoefu, mtoto anapata mwalimu mpya. Naye mwalimu mpya, kila mwenye kazi hii ajuavyo, mwaka wa kwanza hujifunza kwa kukosea.

Watetezi huleta utafiti wa mwaka 2004 wa taasisi ya Mathematica, ulioonyesha kwamba wanafunzi wa walimu hawa walifanya vizuri kiasi katika hesabu kuliko wa walimu wengine wa shule hizo hizo, na katika kusoma hapakuwa na tofauti. Hatuukatai. Lakini baadhi ya walimu waliolinganishwa nao walikuwa nao hawana mafunzo kamili. Utafiti ule, ukisomwa kwa makini, unashuhudia kwamba wakati mwingine mtoto maskini alikuwa akichaguliwa kati ya asiyefunzwa huyu na asiyefunzwa yule.

Madhara yalionekana New Orleans. Baada ya kimbunga cha Katrina, Agosti 2005, wafanyakazi wa shule za umma zaidi ya 7,000 walifukuzwa, wengi wao watu weusi, na miongoni mwao walimu waliokuwa nguzo za mitaa yao. Shule nyingi zilikabidhiwa bodi za watu binafsi zikiendelea kulipiwa na fedha za umma, na vijana wa mikataba mifupi wakaongezeka madarasani. Kufikia mwaka 2014 walimu weusi walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya theluthi mbili ya walimu wote hadi karibu nusu. Ni kweli kwamba baadaye shirika liliandikisha vijana weusi wengi zaidi. Hata hivyo, aliyefukuzwa alikuwa mwalimu aliyemjua mtoto, mama yake na bibi yake.

Tujikosoe

Kada anayekosoa wengine na kujisahau hafundishi siasa. Sisi nasi tumewahi kupeleka madarasani watu wasiofunzwa. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 tulihitaji walimu wengi upesi, tukawachukua vijana waliomaliza elimu ya msingi. Walimu wa UPE walichekwa, na upungufu wao ulikuwa wa kweli. Lakini walifunzwa wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuata, na walikaa kijijini wakilima na kula pamoja na wazazi. Upungufu wao ulikuwa mahali pa kuanzia.

Miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi, tuliwachukua vijana wa kidato cha sita, tukawafunza kwa majuma machache na kuwapa leseni. Wananchi wakawapachika jina la «vodafasta». Jina hilo lilikuwa hukumu ya umma, nasi tulistahili kuisikia mapema.

Leo hali ni tofauti, na hapa ndipo lilipo jibu la swali la wanafunzi wetu. Tunao maelfu ya vijana waliosomea ualimu, wenye vyeti na shahada, ambao hawana ajira, huku shule zetu zina madarasa yaliyofurika. Kumleta mhitimu asiyefunzwa kwa miaka miwili, alipiwe na mfadhili, ni kumruka mwalimu aliyefunzwa anayengoja mlangoni. Upungufu wetu ni wa fedha na mpango wa kumwajiri, kumpatia nyumba na kumfanya abaki.

Kwa hiyo mtu akija katika tawi lako na mpango wa aina hii, ndugu kada, usimfukuze wala usimshangilie. Muulize mambo matatu. Nani analipa, na anaepa kulipa nini? Kijana huyu akiondoka, nani atabaki na watoto? Na yule aliyefunzwa tayari, mmemweka wapi? Asipokuwa na majibu, yapeleke maswali hayo katika kikao cha kamati ya shule, mbele ya wazazi. Wao ndio watakaobaki pale miaka miwili itakapokwisha.