Kutupa au Kukabidhi? Uhakiki wa Filamu ya Broker

Filamu ya Broker ya Hirokazu Kore-eda, iliyotoka mwaka 2022, inaanza usiku wa mvua mjini Busan, Korea Kusini. So-young, mama kijana, anafika kwenye kanisa lenye kisanduku cha kupokelea watoto wachanga. Hakifungui. Anamlaza mwanawe chini, mbele ya kisanduku, anaondoka. Askari wa kike aliyejificha garini ndiye anayeshuka na kumwingiza mtoto ndani.

Je, mama huyu amemtupa mtoto au amemkabidhi? Magazeti ya Kiswahili tunayosoma darasani hapa Kampala huwa na neno moja tu, "atupa kichanga", iwe ni chooni, jalalani au mlangoni pa kanisa. Sheria za Marekani, zilizoanzia Texas mwaka 1999, zimetenganisha matendo hayo: kwa kawaida anayemfikisha mtoto hospitalini akiwa salama halazimishwi kutaja jina wala hashtakiwi. Kwa kipimo hicho, hatua ile moja kati ya sakafu na kisanduku ingekuwa mpaka wa jinai. Kore-eda anaukataa mpaka huo, na hoja yake ina nguvu: kesho yake So-young anarudi kumtafuta mwanawe. Anayetupa harudi.

Kinachonikera ni madalali. Sang-hyun, dobi mwenye madeni, na Dong-soo, aliyelelewa kituo cha yatima, wanamwiba mtoto ili wamuuze. Wanunuzi wa kwanza wanalalamika kwamba hapendezi kama pichani, wanataka bei ishuke. Utadhani wako kwenye mitumba. Tukio hilo ni kali na la kweli. Lakini muda si mrefu wezi wamegeuka wajomba wapole, na biashara ya binadamu imekuwa matembezi ya familia. Song Kang-ho anaigiza vizuri mno (alipata tuzo Cannes), na hapo ndipo penye hatari.

Dong-soo ndiye aliyenigusa. Mama yake alimwacha kwa ahadi ya kurudi. Tangu Julai 2024 sheria ya Korea Kusini inamruhusu mama kujifungua hospitalini bila jina lake kujulikana, huku kumbukumbu zikihifadhiwa kwa ajili ya mtoto. Dong-soo hakuachiwa kumbukumbu yoyote ya kufuatilia. Wakiwa juu kwenye gurudumu la bustani ya michezo, anamziba So-young macho kwa kiganja na kumsamehe kwa niaba ya mtoto wake. Msamaha ule ni wa mama mwingine, na mama huyo hayupo kuusikia.